Kifaa cha majini kikizingua, anzia kwenye waya

Dodoma tangi la maji ni sehemu ya nyumba kama lilivyo bati. Mvua tunapata msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na maji mengi ya bomba mjini hutoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Makutupora, tena huja kwa mgao. Ndiyo maana vijana wengi wa umeme hapa tumejikuta tunatengeneza vifaa vya aina moja: vya kusoma kina cha tangi, vya kuwasha na kuzima pampu ya kisima, na vichache vya kupima joto la bwawa la samaki. Kukiunda ni kazi ya siku mbili. Baada ya miezi mitatu kinakufa, na mteja anakwambia "maji yameingia" kana kwamba ameshataja ugonjwa. Hapo ametaja homa tu. Yameingia wapi, na yalipoingia yamekutana na nini?

Nitafuata dalili kama wateja wanavyozitaja kwenye simu. Naanza na ile ambayo haisubiri kesho.

Maji "yanang'ata"

Mwaka fulani, mwezi wa kumi, nilipigiwa na mama mmoja wa Nzuguni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu njoo uangalie kifaa chako, maji ya bomba yananing'ata vidole."

"Mama, usishike tena hilo bomba. Vaa ndala, nenda kazime meini swichi, na watoto wasisogelee ile ndoo. Nakuja."

Kifaa kilikuwa changu kweli, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeweka vyuma vitatu ndani ya tangi vya kupima kina, vimeunganishwa na bodi ya saketi, na bodi inakula umeme kutoka chaja ya simu ya bei poa. Sasa fikiria njia: chuma kinagusa maji, chuma kimeungana na hasi ya bodi, hasi ya bodi imeungana na chaja, na chaja imechomekwa ukutani kwenye volti 230. Kati ya ukuta na mkono wa yule mama kulikuwa na insulesheni ya ndani ya chaja peke yake.

Chaja nyingi zina kapasita ndogo inayounganisha upande wa ukutani na upande wa simu. Ikiwa nzima, inapitisha umeme kidogo sana, sehemu ndogo ya miliampia. Mwenye ngozi laini au jeraha anaweza kuusikia, lakini haumdhuru. Chaja ikiwa ya kuungaunga, au transfoma ya ndani imeshaungua, kinachopita ni umeme wa ukutani wenyewe. Miliampia 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu aliyelowa hana ukinzani wa kutosha kuzuia hata mara nne ya hizo.

Ili kujua ni ipi kati ya hizo mbili, multimita peke yake itakudanganya. Ukipima kati ya bomba na udongo itakuonyesha volti 90 au 110 hata kama ni ile kapasita tu, kwa sababu mita yenyewe hainywi umeme. Funga resista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 10 sambamba na mita, kisha pima tena. Namba ikiporomoka mpaka volti mbili tatu, ni kapasita. Ikibaki juu, umeme wa kweli umo ndani ya maji: zima, na usiwashe mpaka umepata chanzo. Kipimo hiki ni cha fundi aliyevaa viatu vya mpira. Mwenye nyumba kazi yake ni kuzima tu.

Tiba ya kudumu inapatikana mezani wakati wa kubuni. Viwango vya kimataifa vya umeme wa mabwawa ya kuogelea vinaruhusu ndani ya maji volti 12 za umeme wa AC (aina ya ukutani) au 30 za DC (aina ya betri), zisizidi hapo, na chanzo chake kikae mbali na maji, kikiwa na transfoma ya usalama ambayo nyuzi zake za pande mbili hazigusani kabisa. Mimi nimerahisisha zaidi: kitu chochote kinachogusa maji kinakula kutoka betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ndogo ya sola. Jua la Dodoma halina bili, na paneli haina waya wa kwenda ukutani. Kama lazima kifaa kiwashe pampu ya volti 230, upande wa kipimo na upande wa pampu vikae kwenye visanduku viwili, na amri ipite kwenye relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) au kwa mwanga. Siku hizi vyuma vya kipimo vinavyorudi kwenye chaja ya ukutani sivitengenezi tena, hata mteja abembeleze vipi.

Sasa rodi ya erthi, chuma kile cha kupeleka ardhini umeme uliovuja. Watu wanaichomeka, wanafunga waya, wanasahau. Udongo wa huku ukifika Septemba umekauka kama tofali, na rodi iliyosoma vizuri Februari inaweza kuwa na ukinzani mkubwa ajabu. Tuseme imefika omu 50. Pampu ikivujisha umeme kwenye ganda lake la chuma, ampia zinazoteremka ardhini ni 230 kugawa kwa 50, yaani 4.6. Breka ya ampia 16 haioni kitu hapo. Itakaa imewaka, na ganda la pampu litaendelea kubeba umeme wiki nzima. Ndiyo sababu naona nyumba yenye kisima isiyo na RCD ya miliampia 30 (swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja) haijamaliziwa kufungwa umeme. Hata rodi ikiharibika mpaka omu 500, bado zitapita miliampia 460, zaidi ya mara 15 ya kiasi kinachoikatisha RCD. Bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara, ila ujue kinajaribu RCD yenyewe. Rodi hakiijaribu.

RCD inakata kila mara

Habari njema ni kwamba inafanya kazi. Usimsikilize anayekushauri kuiruka kwa waya "ili pampu ifanye kazi kwanza".

Saa inayokata ndiyo inayokupa jibu. Ikikata usiku wa mvua tu, kisima hakina kosa. Tafuta boksi la ukutani lililofunguka au waya uliopita juu ya paa. Ikikata asubuhi za kipupwe na kufikia saa nne inakubali, ni umande ndani ya boksi. Ikikata kila pampu inapowaka, chomoa kabisa waya za kifaa chako, kisha pima kebo ya pampu kwa mega, ile mita ya volti 500. (Hata ukisahau kila kitu kingine, usisahau kuchomoa bodi: volti 500 zitaichoma hapo hapo.) Chini ya megaomu moja, vuta pampu juu. Mara nyingi utakuta kiungo cha waya kilichozungushiwa tepu nyeusi. Tepu ile ni ya ukutani, chini ya maji inakaa kama kanga iliyofungwa kwenye ndoo. Kiungo cha majini kinatakiwa kufungwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, au kumwagiwa resini yake.

Kuna maji ndani ya kisanduku

Hapa ndipo penye kazi. Kabla hujafuta chochote, chukua tone moja la yale maji kwa bomba la sindano, liweke juu ya kipande cha kioo, kiache juani likauke. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Unayaona kwenye sufuria ya chai. Tone likiacha duara jeupe, maji ya kisima yamepenya kutoka nje. Kioo kikibaki safi, ni umande uliojitengeneza ndani, au mvua. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinatenganisha magonjwa mawili ambayo mafundi wanayatibu kwa dawa moja, yaani silikoni nyingi.

Tuanze na umande. Kisanduku kinapumua. Kikiwa juu ya tangi mchana, hewa ya ndani inaweza kufika nyuzi 55. Inatanuka, inatoka kupitia upenyo wowote. Usiku wa Julai ubaridi ukishuka, hewa inasinyaa, kisanduku kinavuta ya nje iliyo juu kidogo ya maji, yenye unyevunyevu. Unyevu unaganda kwenye ukuta wa ndani, asubuhi unadondoka kwenye bodi, na mchana hautoki wote. Baada ya wiki sita una kijiko cha maji ndani ya kisanduku ambacho hakijawahi kuzamishwa. Kukaza skrubu zaidi hakusaidii. Weka kipumuo cha utando, kinachopitisha hewa na kuzuia maji, upande wa chini wa kisanduku, na paka bodi vanishi ya saketi. Vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinasaidia siku za mwanzo tu. Vikishashiba havina kazi.

Kupumua huko huko kunaua kifaa siku ya kwanza kinapozamishwa. Umekifunga saa saba mchana, kimekaa juani juu ya bati, hewa ndani nyuzi 55. Unakitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 25. Shinikizo la ndani linashuka kwa karibu sehemu moja ya kumi na moja, na kwa hewa ya mwinuko wa Dodoma hilo ni sawa na kukizamisha sentimita 80 zaidi ya hapo ulipokizamisha. Kila upenyo unageuka mrija wa kunyonyea soda. Kwa hiyo funga kifuniko asubuhi kivulini, na kikikaa juani kiache kipoe kabla hakijagusa maji.

Tone likiacha duara jeupe, nenda kwenye waya. Watu wanahangaika na kifuniko, wanabadilisha oringi (pete ya mpira), wanapaka grisi, na mara nyingi kifuniko hakina hatia. Kebo ya nyuzinyuzi ndani yake ni mfereji. Ganda la kebo likichubuka mita tatu chini ya maji, maji yanapanda katikati ya nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari, yanapita ndani ya glandi (kile kifungo kinachobana kebo inapoingia kisandukuni) uliyoikaza kwa nguvu zako zote, yanatokea kwenye bodi. Kata kebo sentimita moja kutoka kwenye bodi uangalie shaba. Ikiwa imeng'aa, glandi ina kesi. Ikiwa nyeusi au kijani, maji yamekuja kwa njia ya utambi.

Kuzuia utambi ni kazi ya dakika kumi. Ndani ya kisanduku, menya ganda la nje la kebo sentimita mbili, kisha menya kila waya sentimita moja katikati, ujaze lehemu kwenye zile nyuzi mpaka ziwe kama msumari mmoja. Sehemu hiyo yote ifunikwe kwa epoksi. Lehemu inaziba ndani ya waya, epoksi inaziba kati ya waya na waya. Nje, acha kebo ining'inie chini ya tundu kabla haijapanda kuingia, tone lidondoke pale kwenye kona badala ya kutambaa mpaka kwenye glandi. Na glandi iwe ya kipenyo cha kebo yako, kebo moja tundu moja. Ukibana kebo mbili kwenye glandi moja umeacha mlango wa pembetatu katikati.

Epoksi yenyewe ina tabia zake. Kwenye PVC iliyopigwa msasa inashika vizuri. Kwenye polithini, plastiki ile ya matangi na ya kebo nyingine ngumu zenye utelezi, inakauka vizuri kisha inabanduka kama ukoko wa wali. Silikoni nayo, nusa kwanza: inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka na inakula shaba, kwa hiyo ni ya vioo vya dirisha. Kwa saketi tafuta isiyonuka siki.

Neno kuhusu maandishi ya IP67 kwenye visanduku vya madukani. 6 ni vumbi. 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, mara moja, kwenye maji safi. Haisemi chochote kuhusu miezi sita tangini. 8 inamaanisha kuzama kwa kudumu, lakini kina na muda anavitaja mtengenezaji, kwa hiyo uliza. Na siku unayotoboa tundu lako la waya kwa drili, ile namba umeifuta wewe mwenyewe.

Kipimo kinadanganya

Kama ni cha sauti, kinachopiga mwangwi kutoka juu ya tangi, na kinaonyesha maji yamepanda mchana na kushuka usiku bila mtu kuchota, ni joto. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na karibu 355 kwenye nyuzi 40. Kwenye tangi lenye mita moja na nusu ya hewa hiyo ni tofauti ya sentimita tano. Ongeza kipima joto, programu ifanye hesabu. Kikipotea alfajiri tu, futa matone usoni pake. Tangi likijaa na kinasema liko tupu, maji yameingia kwenye eneo la upofu, ambalo kwa vipimo vingi vya bei ya kawaida ni takriban sentimita 20 za mwanzo, kinyanyue.

Vya shinikizo, vinavyolala chini ya tangi, vina vituko vyao. Kuna kijana alileta kifaa alichokisahihisha Dar es Salaam kikawa sahihi kabisa. Kukifunga hapa kikasoma pungufu zaidi ya mita moja. Akalaumu safari, eti kimetikisika kwenye basi. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa kiasi kinacholingana na mita moja na ushee ya maji. Kipimo chake kilikuwa kinapima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Ama tumia chenye kamrija ka hewa ndani ya kebo, ama weka kipima hewa cha pili nje na utoe moja kwenye nyingine. Na kamrija hako kasizibwe! Nimeshakutana na glandi iliyojazwa silikoni na mtu aliyedhani anasaidia, na namba za tangi zikawa zinapanda na kushuka na jua.

Vyuma vimekuwa kijani

Weka nyaya mbili za shaba kwenye glasi ya maji ya kisima, zipe volti 5 za DC, uangalie. Ndani ya dakika chache upande hasi unatoa mapovu membamba na upande chanya unaanza kuliwa, maji yanaingia rangi ya bluu-kijani. Hicho ndicho kinachotokea tangini kwako usiku na mchana, na ile shaba inakwenda kwenye maji ya kunywa. Maji yenye chumvi zaidi yanaongeza kasi.

Kama ni maji ya kumwagilia, tumia chuma cha pua, washa umeme kwa milisekunde chache tu wakati wa kusoma, na ugeuze chanya na hasi kila mara. Kama ni ya kunywa, usiweke chuma chenye umeme kabisa. Tumia boya lenye swichi iliyofungwa ndani.

Kinajizima kinapotuma ujumbe, au betri imevimba

Ya kwanza maji yanasingiziwa. Moduli ya laini ya simu huvuta mpaka ampia 2 kwa kufumba na kufumbua, volti zinaanguka, bodi inaanza upya. Weka kapasita kubwa karibu nayo na waya mnene kwenye betri. Ikiwa ujumbe hautoki kabisa, antena iko chini ya maji au nyuma ya tangi lililojaa. Mawimbi ya redio hayapiti humo.

Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe, usiichaji. Iweke nje kwenye mchanga mkavu. Chanzo huwa ni joto: nyingi hazitaki kuchajiwa zaidi ya nyuzi 45, na wewe umezifungia kwenye kisanduku cheusi juu ya tangi. Kisanduku cha betri kikae kivulini, kiwe cheupe, kiwe na kipumuo, na epoksi isiguse seli kamwe, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea inapasua. Betri za asidi nazo hutoa haidrojeni zikichajiwa, haziwekwi kwenye boksi lisilopitisha hewa.

Kabla hujakirudisha tangini

Toa bodi, weka ndani kipande cha tishu ulichochora mistari kwa peni ya wino wa maji, funga. Pima kisanduku kwenye mzani wa dijitali wa duka la unga, andika gramu. Kiache juani kwa muda wa saa mbili, kisha kitumbukize kikiwa bado cha moto kwenye pipa la maji, kebo na vyote, ukikandamize kwa tofali mpaka kesho yake. Hapa unakitendea makusudi ule ubaya niliosema usikitendee. Kifute kikauke, pima tena. Ikiongezeka gramu mbili, au wino umesambaa, fungua uanze tena na kebo.